Nyumba za Mawe: Safari ya Zimbabwe

Wazee walisema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Nasi twaweza kuongeza kwamba kutembea nako ni namna ya kuishi, maana atokaye kwao hurudi na macho mengine. Wasomaji wapendwa, wengi wenu mmeliona jina la Zimbabwe kwenye ramani ya Afrika, upande wa kusini wa Zambia. Lakini si wote wanaojua kwamba nchi hiyo, ilipopata uhuru mwaka 1980, ilichukua jina lake kutoka kwa magofu ya mji mmoja wa kale uliojengwa kwa mawe. Katika likizo kubwa iliyopita tulikwenda kuyaona magofu hayo, tukitoka Lubumbashi kwa motokaa. Nataka kuwasimulia safari hiyo; na zaidi ya safari, nataka kuwasimulia ubishi tuliokwenda nao, na namna mawe yenyewe yalivyoukata.

Motokaa yenye vitanda

Tulikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa rafiki yangu, fundi wa motokaa na wa kuchomea vyuma, ambaye mtaani kwetu watu wote humwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Wa pili alikuwa mkewe. Wa tatu, mwana wao mwenye umri wa miaka 15, mwanafunzi wangu. Na wa nne ni mimi.

Motokaa yenyewe yastahili maneno machache. Fundi alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vyote isipokuwa vile vya mbele. Mahali pa viti akaunga vitanda viwili vya mbao ambavyo mchana hukunjwa vikawa mabenchi, na kingine chembamba juu, karibu na dari. Nyuma aliweka jiko la gesi, kabati la vyombo na pipa la maji. Juu ya paa akafunga kibao cha kupokea nguvu za jua, kinacholisha betri ya taa na friji ndogo. Huko Ulaya na Marekani viwanda hutengeneza motokaa za namna hii, na watu huzunguka nazo nchi hata nchi. Ile ya Fundi ilitoka mikononi mwake, wala haikuona haya mbele ya hizo nyingine.

Faida ya chombo hiki ni kwamba jamaa nzima husafiri bila kulipa hoteli, na chakula hupikwa na yule yule anayekipika nyumbani. Adhabu yake ni kwamba huenda polepole, maana nyumba haikimbii. Tena mwenye nyumba ya magurudumu hukaguliwa mpakani kuliko mwingine yeyote: maofisa hufungua kila mlango, wakitaka kujua kilichomo chini ya kila godoro. Basi atakaye kutufuata asisahau pasipoti, hati za motokaa, bima ya kila nchi atakayopita, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na zile pembe tatu nyekundu za kuweka barabarani motokaa inapoharibika.

Ubishi wetu ulianza kabla ya safari, jioni moja tulipokuwa tukipima njia kwenye ramani. Fundi aliniambia, "Mwalimu, babu zetu nawaheshimu, lakini mimi nimeijua kazi ya mikono. Babu zetu walijenga kwa udongo, miti na nyasi. Ukuta wa mawe wenye kimo cha nyumba tatu, nani aliwafundisha? Tangu utoto nasikia kwamba ule ni kazi ya wageni, ama Waarabu, ama watu wa Mfalme Sulemani."

Mwanawe akasema, "Baba, shuleni tumefundishwa kwamba walioujenga ni Waafrika."

Fundi akacheka, akajibu, "Mwalimu amesoma kitabu, mwanangu. Mimi nitausoma ukuta."

Nilimwambia kwamba shauri lake ni jema, twende tukausome pamoja. Maana mtu mzima mwenye ufundi wake hashawishiwi kwa kukaripiwa. Na neno alilolisema halikuwa lake peke yake. Limesemwa na wengi, kwa miaka mingi, na wengine walilipata faida.

Njia ya kusini

Kutoka Lubumbashi hata magofu ni zaidi ya kilomita 1,300. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, tukafika Kasumbalesa, penye mpaka, tukakuta malori yamepangana kama uzi wa siafu, yakipeleka shaba na kobalti kwenye bandari za mbali. Tulipokwisha kuvuka, dereva alipaswa kujifunza upya. Sisi Wakongo twashika upande wa kuume wa barabara, lakini Zambia na Zimbabwe hushika upande wa kushoto. Usukani wa motokaa yetu ukawa karibu na majani, na Fundi hakuweza kuona mbele ya lori alilotaka kulipita. Mkewe, aliyekaa upande wa katikati ya barabara, ndiye aliyekuwa macho yake. Alisema, "Bado," na Fundi akangoja. Alisema, "Sasa, Baba," na Fundi akapita. Hivyo tulisafiri siku zote, wala hatukupata hatari.

Tulipita Chingola, Kitwe na Ndola, miji ya migodi kama yetu. Mama huyu ni wa kabila la Wabemba, akanunua mboga sokoni kwa lugha ya mama yake mzazi kana kwamba yupo kwao. Tulipita Kapiri Mposhi, mahali inapokoma reli itokayo Dar es Salaam. Kisha tukafika Kabwe, ambako mwaka 1921 wachimba migodi waliokota fuvu la binadamu wa kale mno, likapelekwa London. Kijana alilitia jambo hilo katika daftari lake, nami nikamwambia aliache wazi, kwa kuwa huko tuendako atapata jambo jingine la kuliandika chini yake.

Baada ya Lusaka na Kafue nchi hushuka ghafula kwenda bonde la Zambezi. Barabara hujipinda kati ya milima, na malori mazito huishuka kwa kunyata. Fundi alitia gia ndogo tangu juu, akaiacha injini izuie mwendo, asichomeke breki. Mara mbili tulisimama ili magurudumu yapoe. Huko chini joto ni jingi na mibuyu ni mikubwa.

Si mbali na njia hiyo, upande wa Zambia, pana mahali paitwapo Ingombe Ilede, yaani ng'ombe aliyelala, kwa sababu ya mbuyu ulioanguka ukafanana na ng'ombe. Mwaka 1960 watu waliokuwa wakifanya kazi ya maji walifukua pale makaburi ya watu wakubwa wa zamani, karne ya 15 au ya 16. Maiti walikuwa wamevikwa dhahabu, ushanga na nguo za pamba, na kando yao ilikuwapo misalaba ya shaba. Wasomaji wa Katanga hawahitaji kuelezwa misalaba hiyo ni nini, kwa kuwa wazee wetu nao waliifanya, wakaitumia katika biashara na katika mahari. Shaba iliyeyushwa kaskazini ya Zambezi, nayo iliyeyushwa kusini. Na mto huo, ambao leo ni mpaka wenye askari na mihuri, ulikuwa njia ya wafanya biashara.

Tukavuka kwa daraja la Chirundu. Tulipopanda uwanda wa juu hewa ikawa baridi. Tulilala njiani, tukapita Harare, na siku ya nne jioni tukafika Masvingo. Magofu yapo mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mji huo. Pana uwanja wa kupiga kambi mumo humo katika eneo la magofu, tukasimamisha motokaa chini ya miti. Mama akasonga bukari. Mlinzi aliyekuja kututazama akasema kwamba kwao huitwa sadza. Wazambia walikuwa wameiita nshima. Tulikaribishana, tukala.

Jina lililojibu kwanza

Asubuhi alikuja kutuongoza mzee mmoja mwenyeji, wa watu wa Karanga, ambao ni tawi la Washona. Alisema Kiingereza, nami nikawafasiria wenzangu. Kwanza alitueleza jina. Katika lugha yao nyumba ni imba, na nyumba nyingi ni dzimba. Mawe ni mabwe. Wengi husema kwamba Zimbabwe ni dzimba dza mabwe, yaani nyumba za mawe. Wengine hulieleza kuwa nyumba zinazoheshimiwa, nyumba za wafalme.

Sikuwa nimemaliza kufasiri, mama akaita kwa mshangao, "Mabwe! Hata sisi Wabemba twasema amabwe!" Fundi, ambaye ni Mluba, akasema polepole kwamba kwao jiwe ni dibwe, na mawe ni mabwe. Yule mzee akafurahi, akaanza kutuhesabia maneno: moto kwao ni moto, nyama ni nyama, mwana ni mwana, mvua ni mvura, kuku ni huku. Kijana aliandika mpaka ukurasa ukajaa.

Jina la mahali peke yake si ushahidi wa kutosha, maana watu waweza kutoa jina kwa kitu walichokikuta. Lakini tulikuwa tumekwisha kuona kwamba hatukuja kwa wageni wa mbali.

Ukuta

Magofu yana sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni ile ya kilimani, iliyo ya zamani zaidi: kuta zimeunganishwa na majabali makubwa hata huwezi kujua upesi kazi ya Mungu inakoma wapi na kazi ya watu inaanza wapi. Ya pili ni boma kubwa lililo bondeni. Ya tatu ni kuta nyingi ndogo zilizotawanyika kati ya hizo mbili. Mji huu ulianza kusitawi katika karne ya 11, ukafikia utukufu wake katika karne ya 14. Wakati huo uliishi maelfu ya watu. Wataalamu wengine huwahesabu kupita 10,000, wengine chini ya hapo.

Tulipofika kwenye boma kubwa, Fundi alinyamaza. Ukuta wa nje wauzunguka uwanja kwa mita 250 hivi. Mahali palipo parefu zaidi una kimo cha mita 11, na unene wake chini wafika mita 5. Fundi aliweka kiganja chake juu ya mawe, akatembea kando yake bila kusema, akiinama hapa, akirudi nyuma pale, kama mnunuzi mbele ya motokaa asiyoiamini. Mwishowe alianza kuuliza.

"Saruji iko wapi?" Hakuna. Wala saruji, wala chokaa, wala udongo kati ya jiwe na jiwe. Kila jiwe limekatwa kwa kadiri ya tofali na kulazwa juu ya mengine, mstari kwa mstari. Nyuso mbili za ukuta zimepangwa kwa uangalifu, na katikati pamejazwa mawe. Ukuta husimama kwa uzito wake, ukijiegemeza ndani kidogo kadiri unavyopanda.

"Mawe haya yalichongwa kwa chuma gani?" Mzee alituonyesha kilima. Jiwe la nchi hiyo ni matale, na jua la mchana na baridi ya usiku hulibambua tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Mabamba hayo huanguka yenyewe. Wajenzi waliongeza kazi ya jua kwa kuwasha moto juu ya jabali na kulipoza, likapasuka. Kisha wakayavunja mabamba kwa nyundo mpaka yakapata kadiri moja.

"Na pembe?" Fundi alizunguka, akatafuta pembe moja iliyonyooka, asiipate. Kuta zote hujipinda; hata penye mlango, mwisho wa ukuta umeviringwa. Hapo akaketi juu ya jiwe, akafuta jasho, akaniambia, "Mwalimu, mwashi aliyefundishwa mjini huanza na kamba na timazi. Huyu hakuwa na kamba. Alipima kwa jicho, na jicho lake halikukosa."

Nilimwambia kwamba jambo hilo ni ushahidi mkubwa kuliko anavyodhani. Watu wa pwani, Waswahili wa Kilwa, walikuwa waashi hodari katika siku zile zile. Jumba lao la Husuni Kubwa bado lina magofu yake. Lakini hao walijenga kwa matumbawe na chokaa, wakafanya vyumba vyenye pembe na mapaa ya kuba. Kama wao ndio waliojenga Zimbabwe, wangaliacha alama ya mkono wao. Hapa hakuna kuba, hakuna chokaa, hakuna chumba cha mraba.

Tena mzee alitufundisha neno ambalo wageni wengi hawaliangalii. Kuta hizi hazikuchukua paa. Zilikuwa ua. Nyumba zenyewe, walimolala wafalme na jamaa zao, zilikuwa za mviringo, za udongo mgumu uliosuguliwa, na mapaa ya nyasi, namna ile ile ya nyumba za vijiji vya nchi hiyo. Fundi alisikiliza, akatabasamu kidogo. Udongo na nyasi aliokuwa ameutaja Lubumbashi kama upungufu wa babu zetu ulikuwa pale, katikati ya boma la wafalme.

Ndani ya boma pana njia nyembamba kati ya kuta mbili ndefu. Mtu akiipita huona mbingu tu juu yake. Mwisho wake husimama mnara wa mviringo, kimo chake mita 10 hivi, uliojaa mawe ndani, hauna mlango wala chumba. Watafuta hazina waliung'oa mawe ya juu wakidhani una dhahabu tumboni, wasipate kitu. Wengine hufikiri kwamba ni mfano wa ghala ya nafaka, alama ya mfalme anayelisha watu wake.

Uwongo na faida yake

Sasa nirudi kwenye neno la Fundi, kwamba wajenzi ni wageni. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika hapa. Alikata kipande cha boriti ya mlango, akakinusa, akaona chafanana na mti wa penseli yake. Basi akaamua kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, na kwamba hapa palikuwa pa Malkia wa Sheba. Kumbe mti ule ni wa nchi ile ile! Mwaka 1891 alikuja Theodore Bent, aliyetumwa kwa msaada wa Cecil Rhodes, naye akawataja watu wa Arabuni. Kuanzia mwaka 1902 mpaka 1904 mlinzi wa magofu, Richard Hall, aliondoa ndani ya boma udongo mwingi wenye vyungu, majivu na mabaki ya nyumba, akiuona kuwa takataka za Waafrika waliokuja nyuma. Udongo ule ndio uliokuwa kitabu. Aliurarua ili apate kusoma jalada.

Mwaka 1905 mtaalamu wa kweli, David Randall-MacIver, alichimba kwa utaratibu, akatangaza kwamba yote ni kazi ya Waafrika wa zama za kati. Walowezi walimkasirikia. Mwaka 1929 akaletwa Gertrude Caton-Thompson ili aangalie upya. Mama huyo alichimba chini ya kuta, katika udongo usioguswa, akapata vyungu vya wenyeji pamoja na ushanga na vyombo vya nchi za nje, naye akatoa hukumu ile ile. Wazungu hao wawili walisema kweli, ijapokuwa kweli hiyo haikuwapendeza wenzao.

Lakini uwongo haukufa, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya. Ikiwa Waafrika hawakujenga kitu, basi nchi haikuwa yao, na aliyeichukua hakumnyang'anya mtu. Ndiyo maana serikali ya Rhodesia ya wakati ule haikupenda vitabu vya wageni viandike wazi jina la wajenzi. Peter Garlake, mkaguzi wa magofu, alikataa kunyamaza. Mwaka 1970 aliacha kazi yake, akaondoka katika nchi. Mtu huyo alipoteza mshahara na nyumba kwa ajili ya neno moja la kweli juu ya kuta za zamani.

Tuliona pia katika jumba la makumbusho ndege wa mawe. Walikuwa wamesimama juu ya nguzo, wengi wao kilimani, na wamechongwa kwa jiwe laini. Leo ndege huyo yumo katika bendera ya taifa. Wa kwanza aliondolewa mwaka 1889 na mwindaji, akauzwa kwa Rhodes, wengine wakafuata. Mwaka 1981 ndege kadhaa walirudi kutoka Afrika Kusini, na badala yao Zimbabwe ikatoa mkusanyo mkubwa wa nyuki, nyigu na sisimizi wakavu wa makumbusho yake. Nusu ya chini ya mmoja wao ilikuwa imefika Ujerumani. Ilirudi mwaka 2003, ikakutana na nusu ya juu iliyobaki nyumbani. Kijana akafungua daftari, akaandika habari hiyo chini ya lile fuvu la Kabwe.

Mji ulioongea na mbali

Mtu asifikiri kwamba kusema "Waafrika walijenga" ni kusema kwamba waliishi wamejifungia. Katika magofu haya zilipatikana sahani za China na bakuli la Uajemi, na ushanga uliovuka bahari. Ilipatikana sarafu ya shaba ya Sultani wa Kilwa al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya uwanda huu ilishuka mpaka Sofala, ikachukuliwa kwa majahazi mpaka Kilwa, na kutoka huko ikaenda ng'ambo. Zilipatikana tena kengele za chuma za namna ya zile ambazo katika nchi zetu za Kongo hupigwa mbele ya wakubwa. Ng'ombe walikuwa utajiri wa kwanza wa mji, na mifupa yao imejaa katika majalala ya kale.

Katikati ya karne ya 15 wakubwa walihama. Wataalamu hutaja sababu nyingi: kuni, majani na rutuba zilipungua kwa wingi wa watu, na biashara ya dhahabu ilielekea kaskazini. Kutoka kwao zilitokea tawala nyingine, Khami upande wa magharibi na Mutapa upande wa kaskazini. Katika Mutapa ndiko Padre Gonçalo da Silveira, Mjesuti, alikouawa mwaka 1561. Tangu mwaka 1986 magofu ya Zimbabwe yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu.

Tulipokuwa tukitoka, kijana aliinama akaokota kijiwe kidogo, akataka kukitia mfukoni. Mzee alimwona, hakumkemea. Alimwambia, "Mwanangu, ukuta huu ni mawe madogo tu. Waliokuja kabla yako, kila mmoja alisema ni kimoja tu." Kijana akakirudisha mahali pake kwa mikono miwili.

Jioni, mbele ya motokaa, Fundi aliketi kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, niliuliza nani aliwafundisha. Nimeona. Kilima kiliwaangushia mabamba, nao wakauliza yafaa kwa kazi gani. Mimi nami sikufundishwa na mtu kujenga motokaa hii." Mkewe akamwambia, "Basi uwaambie hivyo wenzako gereji, maana ndiko ulikosema yale mengine." Naye akaahidi.

Neno kwa wazazi na wanafunzi

Ninyi msomao habari hii, si wengi mtakaoweza kwenda Zimbabwe. Lakini kwetu nako udongo una vitabu. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Upemba, mwaka 1957 na 1958 yalichimbwa makaburi ya babu zetu, wamezikwa pamoja na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na ile misalaba ya shaba vifuani mwao. Ni wanafunzi wangapi wa Katanga wawezao kulitaja jina la Sanga? Na mkulima akigonga chungu cha kale kwa jembe lake, ni wangapi wanaokipeleka kwa mwalimu au kwa makumbusho ya Lubumbashi, badala ya kukivunja au kukiuza barabarani?

Wazazi, waambieni watoto mliyoyapokea kwa wazee, tena mapema, wazee wangali hai. Wanafunzi, andikeni majina ya vilima, ya mito na ya vijiji vilivyohama, pamoja na maana yake. Na mtu akiwaambia kwamba watu wenu hawakufanya kitu, msimtukane. Mwulizeni ameuona ukuta gani, na amechimba wapi.